Kurenda wahusika na kuwabadilisha mtindo kwa akili mnemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi mno kwa ujumbe wa faragha, hadi nikaona heri niyaweke mahali pamoja. Sikusomea sanaa wala kompyuta. Natengeneza wahusika wa 3D usiku baada ya kazi, kwa mapenzi tu, na mengi ya hapa chini nimeyajua kwa kuharibu picha kwanza. Nitaandika AI badala ya akili mnemba, kwa sababu ndivyo tunavyosema wote.

Renda ni nini, na kubadilisha mtindo ni kufanya nini hasa?

Renda ni picha ambayo kompyuta inaipiga ndani ya ulimwengu wa 3D. Unamweka mhusika, unamvisha, unampa pozi, unawasha taa, unatega kamera, kisha programu inakokotoa jinsi mwanga unavyodunda kutoka kitu hadi kitu mpaka uifikie kamera. Kubadilisha mtindo ni kuichukua picha hiyo ikiwa tayari na kuipitisha kwenye modeli ya AI ili itoke kama mchoro wa rangi za mafuta, wa wino au wa rangi za maji, huku mhusika, pozi na mpangilio vikibaki vilevile. Hilo neno "vilevile" ndilo lenye kazi. Karibu maswali yote yanayofuata yanatokana nalo.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 2015 Leon Gatys na wenzake walionyesha kwamba mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, unaweza kubakiza mpangilio wa picha moja na kuupaka kwa mipigo ya brashi ya picha nyingine. Shida ni kwamba mpako ule ulipita kila mahali kwa namna moja, shavuni na ukutani sawasawa. Mambo yaligeuka Agosti 2022, Stable Diffusion, modeli ya kuchora picha kwa maelezo ya maneno, ilipotolewa kwa umma. Hii ilikuwa imeona nyuso na kuta za kutosha kuweza kuzitofautisha, na mtu aliweza kuiendesha kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Nianze na programu gani ya 3D?

Inategemea unataka kujenga au kupanga. Blender ni ya bure kabisa, chanzo chake kiko wazi tangu 2002, na ndani yake unaweza kufanya lolote, ila itakuchukua miezi kabla hujamtengeneza mtu mwenye masikio yanayofaa. Daz Studio inakupa watu waliokwisha tengenezwa. Wewe unavuta vitufe vya kubadilisha pua, mabega, umri. Programu yenyewe haina malipo, lakini nywele, nguo na maumbo ya ziada huuzwa, na hapo ndipo mfuko hutoboka polepole bila wewe kujua. Poser ni ya zamani kuliko hiyo, ilianza 1995, na bado ina watu wake. Kama unapenda wahusika wa mtindo wa katuni za Kijapani, jaribu VRoid Studio, nayo ni ya bure.

Wengi tunaishia kutumia mbili: mhusika anatoka kwenye moja, mwanga unapangwa kwenye nyingine.

Kwa nini nihangaike na 3D? Si niandike maelezo tu AI ichore yote?

Unaweza, na utapata picha nzuri. Shida inaanza unapotaka ileile, lakini kamera ishuke kidogo. Kwenye 3D unaishusha kamera. Kwenye maandishi matupu unaomba, na unapewa mtu mwingine aliyevaa koti linalofanana na lile.

Mimi nina mhusika ambaye nimeishi naye miaka kadhaa. Najua ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, najua bega lake moja liko juu kidogo ya jingine. Hakuna maelezo ya maneno yanayoweza kumleta huyo mtu mara mbili mfululizo. Renda inamleta kila nikibonyeza.

Ndani ya AI kunatokea nini ninapoipa renda yangu?

Ukilielewa hili, nusu ya matatizo yako utayatatua bila kumuuliza mtu.

Kwanza picha inafinywa. Kwenye Stable Diffusion za awali kila eneo la pikseli 8 kwa 8 linageuzwa kuwa chumba kimoja chenye namba nne, kwa hiyo picha ya pikseli 512 kwa 512 inakuwa gridi ya vyumba 64 kwa 64. Pili, gridi hiyo inamwagiwa chenga, zile chengachenga kama za televisheni iliyopoteza mawimbi. Tatu, modeli inaanza kuzisafisha hatua kwa hatua, na katika kila hatua inakisia ni picha gani imejificha chini ya chenga, ikiongozwa na maneno uliyoandika. Mwishoni gridi inakunjuliwa kurudi kuwa pikseli.

Kwa maneno mengine, modeli haipaki rangi juu ya renda yako. Inaifukia nusu, halafu inaifukua kwa kukumbuka picha nyingine ilizowahi kuona. Kilichofukiwa sana kinarudi kikiwa cha kwake. Kilichofukiwa kidogo kinarudi kikiwa chako.

Sasa niweke nguvu kiasi gani?

Nguvu ni ile namba kati ya 0 na 1 unayoiwekea modeli, nayo ndiyo kipimo cha chenga. Ukiweka 0 unarudishiwa picha yako ileile. Ukiweka 1, renda imefukiwa kabisa na karibu hakuna kilichobaki. Vilevile namba hiyo inaamua hatua ngapi zitafanyika kweli: ukiomba hatua 30 kwa nguvu ya 0.4, modeli inafanya 12 tu za mwisho.

Kwa macho yangu, 0.2 hadi 0.3 hugusa uso wa vitu tu: ngozi inapata vinyweleo, kitambaa kinapata nyuzi, na mhusika ni yuleyule. Karibu na 0.4 mipigo ya brashi inaanza kuonekana. Kuanzia 0.5 sura inahama. Mama yake angesita mlangoni. Juu ya 0.65 umebaki na pozi na rangi za jumla, basi. Namba hizi hubadilika kutoka modeli hadi modeli, kwa hiyo chukua renda moja na uipitishe kwa 0.2, 0.3, 0.4, 0.5 na 0.6 ukiwa na namba ileile ya mbegu (ile inayoamua chenga zimwagwe vipi), kisha uziweke sambamba. Zoezi hilo la dakika kumi litakufundisha kuliko video kumi.

Siri ambayo wapya hawaambiwi: huhitaji kuchagua namba moja. Toa matoleo mawili, moja la 0.3 na jingine la 0.55, uyapange kama leya, yaani tabaka, juu ya renda kwenye Krita, GIMP au programu yoyote ya kuhariri picha unayotumia, kisha kwa maski (kifuniko kinachoonyesha sehemu moja na kuficha nyingine) chukua uso kutoka la kwanza na nguo na mandhari kutoka la pili. Picha zangu zote ninazozipenda zimetengenezwa hivyo. Hakuna hata moja iliyotoka mzimamzima.

Mbona uso umeharibika ilhali nguo zimetoka safi?

Rudi kwenye vile vyumba. Wachoraji huhesabu mwili wa mtu mzima kuwa vichwa saba na nusu hadi vinane. Picha ya urefu wa pikseli 512 ikimwonyesha mhusika tangu unyayo, kichwa chake kina pikseli 64 hivi. Gawanya kwa 8. Unabaki na vyumba 8 kwa 8, na humo modeli inatakiwa ipange macho mawili, pua, mdomo na hasira aliyonayo. Haiwezi.

Dawa ni kukata kipande cha uso, kukikuza hadi ukubwa ambao modeli imezoea, kukipitisha peke yake kwa nguvu ndogo, halafu kukirudisha mahali pake. Ukubwa uliozoeleka ni 512 kwa Stable Diffusion 1.5, na 1024 kwa SDXL, toleo lake kubwa zaidi lililotoka Julai 2023. Programu nyingi zina kitufe kinachofanya yote hayo chenyewe, lakini fanya kwa mkono angalau mara moja ili ujue kitufe hicho kinakudanganya wapi.

Vidole sita, misuko iliyoungana, kovu lililopotea. Nifanyeje?

Vidole ni rahisi kwetu sisi. Mkono wa renda tayari una vidole vitano vilivyokaa sawa, kwa hiyo usihangaike kuiomba AI irekebishe. Rudisha mkono wa renda kwa maski, upitishe kwa nguvu ya 0.2 ili usitofautiane na mwili, basi.

Nywele ndizo zinazoniumiza. Mhusika wangu ana misuko midogo inayokwenda nyuma, na nilikaa majuma mawili kuipanga mmoja mmoja. Nilipoipitisha kwa 0.45 ikatoka imenona na kuungana: mitatu imekuwa kamba moja, mistari ya ngozi katikati imefutika, na karibu na sikio msuko mmoja umeota shavuni. Ukitazama kwa mbali huoni. Ukikuza, unaona mtu ambaye hajawahi kusuka wala kusukwa ndiye aliyechora. Sasa hivi kichwa kizima nakifunika kwa maski, nakirudisha kutoka kwenye renda, kisha napaka mipigo michache ya brashi kwa mkono juu ya misuko ili ishike mtindo wa picha. Inachukua saa nzima. Sijapata njia ya mkato.

Kovu, pete, hereni, kifungo kilichokatika: andika orodha kabla hujaanza. Mimi nina karatasi ukutani. Niliwahi kumtengenezea rafiki picha ya mhusika wake wa mchezo kama zawadi, nikatumia nguvu kubwa kwa sababu mwanga ulipendeza mno, nikamtumia. Akashukuru kwa adabu, kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Jicho moja lilitakiwa liwe la kijivu.

ControlNet ni nini, na je, ninaihitaji?

Ni mbinu ya Lvmin Zhang na wenzake, iliyotoka Februari 2023, inayoipa modeli mwongozo wa pili mbali na maneno: mistari ya kingo, mifupa ya pozi, au ramani ya kina inayoonyesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kwa kuwa umbo limeshikiliwa na mwongozo huo, unaweza kupandisha nguvu hadi 0.6 au 0.7, ukabadilisha mtindo kwelikweli bila mkono kuhama mahali pake.

Hapa mtu wa 3D ana bahati ambayo mwenye picha ya kamera hana. Yeye inabidi programu imkisie kina. Wewe unacho halisi, kwa sababu eneo lako la 3D lina vipimo. Kwenye Blender washa pasi (picha ya ziada inayotoka pamoja na renda) ya ukungu au ya kina. Kwenye Daz Studio ukitumia Iray, injini yake ya kurenda, unaweza kutoa kina, mwelekeo wa nyuso na utambulisho wa kila nyenzo kama picha za pembeni. Blender ina pia Cryptomatte, inayokupa maski safi ya kila kitu: koti peke yake, ngozi peke yake, kiti peke yake. Nilipoteza mwaka mzima nikikata maski kwa mkono kabla sijajua.

Angalizo moja ambalo limewaliza wengi: ControlNet ya kina inataka kilicho karibu kiwe cheupe na kilicho mbali kiwe cheusi. Pasi ya ukungu ya Blender inatoa kinyume. Usipoigeuza rangi, ukuta unasogea mbele na mhusika anakuwa shimo.

Ngozi ya mhusika wangu inatoka imepauka. Nakosea wapi?

Pengine hukosei. Modeli huvuta kila kitu kuelekea kile ilichoona zaidi wakati wa kufunzwa, na watu wa weusi mkolevu hawakuwa wengi humo, tena waliopigwa picha kwa mwanga mzuri. Juu ya hapo, Stable Diffusion za mwanzo zina kasoro ya kuvuta mwangaza wa picha nzima kuelekea katikati: usiku unakuwa jioni, na weusi wa ngozi unakuwa kahawia ya maziwa.

Taja rangi ya ngozi waziwazi kwenye maelezo, usiiache modeli ikisie. Punguza nguvu kwenye ngozi kwa maski. Kisha, mwishoni, weka renda ya awali juu kabisa kama leya yenye hali ya kuchanganya ya rangi (Color), ili wekundu na kahawia yako virudi, halafu shusha mwangaza wa ngozi kwa mkono ukiilinganisha na renda. Zitazame zote mbili sambamba kabla hujatuma. Jicho huzoea haraka. Baada ya nusu saa ya kuitazama iliyopauka, ile sahihi ndiyo utakayoiona ina kasoro.

Naweza kuandika maelezo kwa Kiswahili?

Kwa Stable Diffusion za awali, sahau. Sehemu yake inayosoma maneno ilifunzwa hasa kwa Kiingereza, na ukiiandikia "mwanamke amesimama chini ya mwembe" itaokota vipande vya herufi na kukupa chochote. Huduma zenye roboti wa mazungumzo mbele huelewa Kiswahili, kwa sababu roboti mwenyewe anakielewa.

Ila kumbuka kwamba katika kubadilisha mtindo picha ndiyo inayosema zaidi. Maneno machache yanatosha: ni nini kilichomo, nyenzo za nguo, aina ya mchoro unaoutaka. Zile aya ndefu zenye sifa ishirini ni za kujifariji. Hata ukomo upo: msomaji wa Stable Diffusion 1.5 anachukua vipande 75 vya maneno kwa wakati mmoja.

Nataka mhusika yuleyule kwenye picha thelathini. Inawezekana?

Inawezekana kwa LoRA, kiraka kidogo kinachofunzwa juu ya modeli kubwa ili imjue mhusika wako. Picha ishirini hadi thelathini zinatosha kuanzia, na sisi wa 3D tunazipata kwa usiku mmoja: mbele, pembeni, nyuma, akicheka, akiwa amenuna.

Kosa nililolifanya mimi ni kumrenda zote mbele ya ukuta uleule wa kijivu chini ya taa ileile. LoRA ikamjifunza pamoja na ukuta wake. Kila nilipomweka msituni, miti ilikuwa na ukijivu fulani nyuma yake, kama anatembea na chumba. Badilisha nyuma, badilisha mwanga, badilisha nguo kama nguo si sehemu ya utambulisho wake.

Kabla hujaanza soma leseni za ulivyonunua. Leseni inayokuruhusu kuuza renda si lazima ikuruhusu kufunzia modeli kwa umbo au nguo za mtu mwingine, na wauzaji wengine wameanza kuliandika hilo wazi.

Kompyuta yangu ni dhaifu.

Stable Diffusion 1.5 inaenda hata kwenye kadi ya picha yenye kumbukumbu ya GB 4, kwa uvumilivu. SDXL inataka GB 8 na kuendelea ili usikae ukiitazama. Iray inakimbia tu kwenye kadi za NVIDIA. Bila hiyo inahamia kwenye prosesa, na hapo nenda kalale.

Huduma za mtandaoni zipo. Soma wanachosema kuhusu picha unazopakia, hasa kama mhusika ni wa mteja au wa rafiki.

Renda zangu zinaonekana kama plastiki. AI itaziponya?

Itazificha. Plastiki mara nyingi ni ugonjwa wa mwanga: taa moja kubwa inayotoka upande wa kamera, kivuli hakuna, ngozi inang'aa sawa paji la uso hadi kidevuni. Mwingine ni uso wenye ulinganifu kamili, kushoto na kulia kama umekunjwa karatasi. Sogeza taa ikae pembeni na juu kidogo, weka nyingine hafifu nyuma ya bega, inua kona moja ya mdomo kuliko nyingine, uyape macho kitu cha kutazama. Renda tena.

Ukiipa AI renda yenye mwanga mbovu, itakupa mchoro wa mafuta wenye mwanga mbovu. Haijui ulitaka kivuli kianguke wapi.

Mimi sitaki AI kabisa kwenye kazi zangu. Nibaki nyuma?

Hapana, na usimsikilize anayekutisha. Ila jua tu kwamba kama unatumia kiondoa chenga cha Blender, kile cha Open Image Denoise kilichoingia kwenye toleo la 2.81 mwaka 2019, hicho nacho ni mtandao wa neva. Tofauti ni kubwa: chenyewe kinasafisha chenga za mwanga ulizoziacha wewe, hakikuletei nyusi za mtu mwingine. Sisemi hivyo ili kumnasa mtu. Nasema kwa sababu mstari kila mmoja anauchora mwenyewe, na ni vizuri kujua umeuchora wapi.

Wachoraji wanasema huu ni wizi. Unawajibu nini?

Siwajibu, kwa sababu kwa sehemu kubwa wana hoja. Stable Diffusion ilifunzwa kwa mafungu ya LAION-5B, hifadhi ya viungo vya picha bilioni 5.85 pamoja na maelezo yake, iliyokusanywa mtandaoni bila kuwauliza wenyewe. Desemba 2022 wachoraji waliijaza ArtStation, tovuti wanakoonyesha kazi zao, mabango ya kupinga AI. Januari 2023 watatu kati yao walifungua kesi mahakamani California. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa Glaze, programu inayovuruga picha kwa namna ambayo jicho halioni sana lakini modeli inachanganyikiwa.

Ninayofanya mimi ni machache. Siandiki jina la mchoraji aliye hai kwenye maelezo yangu. Nataja wino, nataja karatasi nzito, nataja mpigo mpana wa brashi. Situmii LoRA iliyotengenezwa kwa kazi za mtu ambaye hakukubali, na ziko nyingi, zinavutia. Modeli yenyewe ya msingi bado ina deni hilo, na mimi bado naitumia. Ukiniambia hapo nina unafiki, sina pa kukimbilia.

Picha ikishapita kwenye AI, bado ni yangu kisheria?

Nchi hazikubaliani. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilisema Februari 2023, kuhusu kitabu cha picha kilichotengenezwa kwa Midjourney, huduma ya AI ya kuchora, kwamba maandishi na mpangilio vinalindwa lakini picha zenyewe hazilindwi. Ripoti yake ya Januari 2025 ikaongeza kwamba maelezo ya maneno peke yake hayatoshi kumfanya mtu kuwa mtunzi, ila pale ambapo kazi ya mkono wa mtu imeingizwa na bado inaonekana katika matokeo, sehemu hiyo inaweza kulindwa. Mfano wake ulikuwa mchoro wa mkono uliopitishwa kwenye AI: mchoraji alipata usajili wa kile alichochora mwenyewe, kinachoonekana bado. Hilo linatugusa sisi moja kwa moja, kwani renda ndiyo mchoro wetu.

Kwa upande mwingine, Novemba 2023 Mahakama ya Intaneti ya Beijing ilimtambua aliyetengeneza picha kwa Stable Diffusion kuwa mtunzi wake, kwa uteuzi na marekebisho aliyofanya. Nayo sheria ya Uingereza ya 1988 ina kifungu cha kazi zinazozalishwa na kompyuta.

Kwa vitendo: hifadhi faili la eneo la 3D, renda ya awali, na leya zote. Siku mtu akidai mhusika ni wake, utafungua faili na kuizungusha kamera hadi nyuma ya kichwa chake. Yeye hataweza.

Niseme kwamba nimetumia AI?

Sema. Mstari mmoja: "Renda ya Blender, nguo na mandhari zimepitishwa kwenye AI, uso na nywele nimechora juu kwa mkono." Watu wanakasirishwa zaidi na kufichwa kuliko na kifaa. Isitoshe, Automatic1111 na ComfyUI, programu za kuendeshea Stable Diffusion, huandika mipangilio yote ndani ya faili la PNG, pamoja na maelezo uliyoyaandika. Kuna aliyeapa amechora kwa mkono, kisha mtu akafungua faili lake na kusoma kila kitu, hadi makosa ya herufi.

Kuna ambacho nisifanye kabisa?

Sura ya mtu halisi bila ridhaa yake, hasa akiwa uchi au katika jambo la aibu: usifanye. Mhusika anayeonekana mtoto katika picha za ngono: usifanye, na usinitumie swali la "lakini kwenye hadithi ana miaka mia mbili".

Nina renda za miaka ya nyuma, mbaya mno. Nizipitishe kwenye AI zipone?

Nilikuwa na wazo hilohilo mwezi uliopita. Nikafungua renda yangu ya kwanza kabisa ya yule mwenye kovu, nikaipa 0.5, ikatoka inapendeza na haina hata chembe ya nilichokitaka siku ile. Alikuwa amekaa kitandani anasubiri habari mbaya. Sasa alikuwa amekaa kitandani anapigwa picha.

Nikarudi kwenye faili la eneo lenyewe. Bado lilifunguka, likilalamikia nyenzo tatu zilizopotea. Nikazima taa zote nilizokuwa nimeziwasha enzi hizo, saba kwa hesabu, nikabakiza ya dirishani. Nikamshusha mabega. Nikaliacha lirende usiku kucha, na asubuhi nikaligusa kwa 0.2 kwenye shuka na ukuta tu. Hiyo ndiyo iliyoko kwenye skrini yangu sasa.